Ndani ya Kifuniko

Kabla sijasimamisha ngazi nilishajua:
mlangilangi chini ya bomba la kiyoyozi umenyauka.
Mti unaonyweshwa na jasho la mashine
ukikauka Machi, joto likiwa limekaza,
basi maji yamekwama juu
ama hakuna aliyewasha.

"Kinavuma tu," alisema Bi Mwanahija,
"kinavuma kama mgeni asiyetaka kuaga,
na ubaridi hakitoi."
Kitandani, upande wa ukutani, ndoo ya bluu
ilikuwa imelazwa kwenye mto, inapokea matone.
Upande wa pili ndiko alikolala yeye.

Sahare chumvi haipigi hodi.
Inakula skrubu, inakula mapezi ya alumini
hadi yanamong'onyoka kama biskuti iliyochovywa chai.
Mwaka wa kumi na moja huu nafungua viyoyozi vya Tanga:
nimekuta sisimizi wamehamia kwenye bodi na mayai yao,
nimekuta mjusi amekaukia juu ya kapasita, mdomo wazi,
na kule Pongwe vichungi vilivyoganda vumbi la saruji
unavigonga vinalia ko, ko, kama mlango.
Nilidhani nimekwisha kuona.

Nikabana bisibisi kwa meno, nikashusha kifuniko,
nikakigeuza nikipulize.
Ndani, kwa penseli, mwandiko wa karani wa mkonge,
herufi zimeegemeana kama marobota ghalani:

*3 Juni. Nimeosha. Maji meusi.*
*1 Julai. Nimeosha. Yeye asema baridi, mie nasema joto.*
*5 Agosti. Nimeosha. Tumepatana 25.*
*2 Septemba. Nimeosha. Kageuza 22 nilipokwenda msikitini.*

Na pembeni, pengine siku umeme ulipokatika
akabaki juu ya stuli hana la kufanya:

*Kichungi nimekiosha, maji yametoka tope,*
*Bibi ataka kuwasha, mie feni inipepe,*
*Ubishi hauji kwisha, uniti nani alipe?*
*Shuka moja latutosha, Mola usingizi tupe.*

Chini kabisa, penseli imekandamizwa:
*6 Oktoba. Nimeosha nusu. Mgongo.*

Baada ya hapo plastiki nyeupe.

Nikamwita. Akaja na unga mikononi.
Akasoma kwa mbali, akasogea, akasoma kwa karibu.
"Kumbe ndiyo alikuwa akifanya huku!
Mie ananambia anakagua nyaya."
Kisha sauti ikapanda, ile ya ugomvi wa kila siku:
"Na muongo, marehemu Mdoe! Ilikuwa ishirini na tatu.
Ishirini na mbili sijageuza mie hata siku moja."

Kazini tumefundishwa: kifuniko, sabuni, kitambaa, ndani na nje.
Kitambaa kilikuwa mkononi mwangu, kinachuruzika.
Nikakikamua, nikakitia mfukoni
kikanilowesha paja.

Kichungi hakunipa niguse.
Alikipeleka bombani mwenyewe,
akakisugua kwa mswaki wa zamani,
na maji yakatoka kijivu, kijivu, kijivu,
akichungulia kila mara kama anayechagua mchele.
Mie nikapiga magoti nje, nikaweka mdomo kwenye bomba,
nikapuliza hadi masikio yakalia.
Donge likaruka, la kijani, linateleza.
Nyuma yake maji.
Gesi nilipima: ipo. Kompresa nzima.
Nilikuwa nimekuja na mtungi mzima, nikaurudisha kwenye pikipiki.

Penseli yangu ya kupimia kuta hukaa sikioni.
Aliichukua bila kuniomba, akapanda stuli.
Aliandika muda mrefu kuliko tarehe.
Sikusoma. Nilikuwa nahesabu skrubu.

Nilipomtajia elfu thelathini
alifungua kibindo, akazipanga noti moja moja,
akasimama kwenye ya tano, ya elfu tano.
"Ishirini na tano," akasema. "Ndiyo tuliyopatana."